Uzoefu wangu: baleti Vienna, kwa anayetokea Mwanza

Nimeangalia baleti (dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi kwa mwili) nikiwa roshani na nikiwa nimesimama chini, katika Opera ya Taifa ya Vienna, Austria. Ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kutazama bei ya kiti, tazama kimekaa wapi.

Ukumbi una umbo la kwato ya farasi, jukwaa likiwa mdomoni. Kwenye vile vyumba vidogo vya watazamaji vya pembeni, safu ya mbele inaona vya kutosha. Safu ya pili na ya tatu, ukuta na vichwa vya wenzako vinameza nusu ya jukwaa. Opera, yaani mchezo wa kuimbwa, utavumilia, kwa kuwa sauti inakufikia. Kwenye baleti umetupa hela, maana wachezaji wakijipanga mistari, walio upande wako huwaoni kabisa. Viti vya chini ni ghali, lakini sakafu ina mteremko mdogo na miguu ya wachezaji huzibwa. Mimi nalipia roshani ya katikati, safu za mbele: kutoka juu mistari yote inasomeka. Kwenye ngoma za Kisukuma kule Bujora unahama hadi upate pa kuonea. Hapa ulipokaa ndipo utakapokuwa hadi mapumziko.

Mfuko ukiwa mwepesi, chukua nafasi ya kusimama. Iliyo bora iko chini, nyuma ya viti, katikati kabisa. Macho yanaliona jukwaa moja kwa moja. Wahi. Ukipata sehemu yako, funga skafu kwenye chuma kilicho mbele yako (kanga iliyokunjwa inafaa), na wenyeji wataiheshimu. Koti liache kwenye chumba cha makoti. Viatu viwe vya kuvumilia saa mbili na zaidi.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya jumba lenyewe. Walanguzi wa mtandaoni huuza kiti kilekile kwa bei ya juu. Kadi yako kwanza ifunguliwe na benki kwa malipo ya nje, la sivyo malipo yatakataa. 19:00 ni saa moja jioni ya Vienna, iliyo nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja kiangazi. Ukichelewa, subiri mapumziko. Usipange likizo ya Julai au Agosti: msimu huwa umefungwa. Viza ya Schengen (ya kundi la nchi za Ulaya, Austria ikiwamo) inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ombi liingie angalau siku 15 kabla ya safari.

Kutoka uwanja wa ndege, panda treni ya S7 hadi Wien Mitte, kisha treni ya chini ya ardhi, U4, hadi kituo cha Karlsplatz, jirani na jumba.

Jumba lilifunguliwa 1869. Mabomu ya 12 Machi 1945 yaliunguza ukumbi na jukwaa. Ngazi kuu na sehemu ya mbele zikapona. Lilifunguliwa tena 5 Novemba 1955. Ndiyo maana unapanda ngazi za marumaru na nakshi, halafu unaingia ukumbi mtulivu wa miaka ya 1950. Wapo wanaosikitika. Mimi naupenda, kwa sababu taa zikizimwa hakuna kinachogombania macho na jukwaa.

Baleti ya Swan Lake ya Rudolf Nureyev, mchezaji na mtunzi wa baleti, ikiwa kwenye ratiba, anza nayo. Aliitengeneza kwa jukwaa hili mwaka 1964, na mwishoni mwana wa mfalme anazama ziwani katika dhoruba. Hiyo usiiangalie kutoka pembeni.