TAHADHARI: Jamaa wa kirikuu anaeuza miche ya "Hass" barabara ya Arusha–Moshi, pamoja na kachupa kake ka dawa

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti mpaka huko Boma na Moshi. Kuna jamaa anazunguka na kirikuu anauza miche ya parachichi, anasema ni aina ya Hass ya kubebeshwa, yaani kijiti cha Hass kimeungwa juu ya mche mwingine, mche mmoja buku tano, ukichukua mingi anashusha mpaka tatu na nusu. Anakuja mvua zikikaribia maana anajua kila mtu ana haraka ya kupanda, na anaempenda zaidi ni yule ndo kwanza anaanza kilimo, anaeuliza bei mara tano na hana swali hata moja kuhusu mche wenyewe. Shemeji yangu ndo mtu wa hivyo, kastaafu, ana kashamba kake Kikatiti, kasikia parachichi ni dhahabu ya kijani, basi kazi imeisha.

Tuanze na mche. Miche yake ina kaplastiki kamefungwa kwenye shina, ukiangalia haraka unajua hapa pamebebeshwa. Tulivyokuja kufungua zile plastiki, kwa mingi chini yake kuna kovu la kisu tu, kakwangua ganda akafunga, mche wenyewe ni kokwa la parachichi la sokoni limeoteshwa. Mche uliobebeshwa kweli unaujua kwenye maungio, mara nyingi sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye udongo, unaona kabisa mashina mawili yamekutana, kuna alama kama V au mkato wa kulalia, pamevimba kidogo, ganda la chini na la juu haviendani sana. Na matawi yanatoka juu ya hapo. Ukikuta shina limenyooka rangi moja toka chini mpaka juu alafu kuna majani yanachipua chini ya plastiki na juu yake na yanafanana, urudishe kwenye gari lake.

Ubaya wa huu wizi haujulikani leo wala mwakani. Hass iliyobebeshwa inaanza kukupa matunda mwaka wa tatu hivi, ile ya mbegu unaweza kungoja miaka 5 mpaka 7 na zaidi, na ikija kuzaa hujui itazaa nini kwa sababu kokwa la parachichi halitoi mti unaofanana na mama yake. Wanunuzi wa kupeleka nje wengi wanatafuta Hass, ile yenye ngozi ya vipelevipele inayogeuka nyeusi ikiiva, sio lile dude la kijani limejaa maji. Kwa hiyo unakuja kugundua umepigwa wakati jamaa ashabadilisha laini sijui mara ngapi, na wewe ushamwagilia, ushapalilia, ushaweka uzio wa mbuzi.

Kwa shemeji ilijulikana mapema kwa sababu miche ilianza kufa. Majani yakawa njano, yananing'inia kama hayajaona maji wakati udongo ni tope. Akampigia jamaa, na hapa someni vizuri, jamaa HAKUKIMBIA. Alipokea simu vizuri kabisa, shikamoo mzee, akaja mpaka shambani, akatikisa kichwa, akatoa kachupa ka maji ya bluu hakana lebo yoyote, eti dawa ya kuamsha mizizi inatoka Kenya, elfu kumi na tano, kifuniko kimoja kwa ndoo, mwagia asubuhi na jioni. Asubuhi na jioni jamani, mche ambao ushazama! Mingine ikalala, akapigiwa tena, akasema dozi ilikuwa ndogo, chukua chupa mbili.

Mimi naona hii ya chupa ndo wizi mkubwa kuliko ya miche, maana anakuuzia mche akijua utaumwa. Mingine kaing'oa tu chini ya miti kaishindilia kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, juzi juzi, mizizi haijashika kitu. Ushike shina uinue taratibu, ukichomoka ukaacha udongo kwenye kiriba ujue ni wa jana huo. Mingine imekaa kitaluni mpaka mzizi mkuu umejizungusha chini kama mkia wa nguruwe, nayo haifiki mbali. Hiyo huioni mpaka uchane kiriba, na muuzaji anaejiamini atakuruhusu uchane kimoja ukalipia. Huyu alimkatalia shemeji, akasema kuchana mche kunaondoa baraka, sijui baraka ya nani.

Sasa kama unayo tayari na inaumwa, kabla hujatoa hela ya chupa yoyote ingiza kidole kwenye udongo. Kuna unyevu? Acha kumwagilia hata kama jani limelegea. Mizizi ya parachichi ikikaa kwenye maji inaoza, kuna kimelea kinaitwa Phytophthora kinaipenda sana hali hiyo, na mzizi uliooza hauwezi kunywa ndo maana mche unaonekana una kiu huku umelowa. Chimba mfereji maji yatoke, kama ulipanda kwenye shimo limebaki kama bakuli upandishe mche kwenye tuta. Samadi mbichi iondoe, inaunguza, na usiweke mbolea ya DAP wala urea mpaka uone majani mapya. Kivuli cha majani ya mgomba upande wa jua la mchana kinasaidia sana. Plastiki ya maungio ya kweli yakishashika ifungue, ukiiacha inakaba shina. Ncha za majani zikiungua kahawia na maji sio mengi, shuku maji yenyewe, visima vingi huku chini ya Meru vina magadi na parachichi haivumilii chumvi. Kwa shemeji ile yenye mizizi myeupe imerudi, yenye mizizi myeusi tumeng'oa.

Pa kuuliza papo njiani kabisa, TARI Tengeru, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale wanajua matunda na watakwambia kitalu kipi kinaeleweka. Cheti cha miche ni kazi ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, mwambie muuzaji akuonyeshe. Na kachupa kasicho na lebo kapeleke TPHPA Ngaramtoni, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, usikamwage kwanza.

Malipo yake nayo, anataka utume kwa simu na ya kutolea juu, jina linalotokea silo analojiita, ukimuuliza anasema ni laini ya mke wake. Na sasa kaja na mpya, anawapigia waliolalamika anasema atawafidia miche yote, watume tu elfu thelathini ya mafuta ya gari. Kuna mama wa Himo kaambiwa hivyo juzi. Mama kama unasoma hapa, usitume.