Mgahawa mmoja Kariakoo: mtori mzuri, lugha mbaya kwa wateja

Mgahawa ninaouzungumzia uko Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi, na kwa upande wa chakula unastahili sifa. Jina lake nimeliacha kwa sababu mwenyewe nimeshamweleza yaliyonikera, na ni haki apewe nafasi ya kurekebisha. Pilau yao haina mafuta ya kuchuruzika na viungo vyake vimekolea. Samaki wa kupaka anakuja na tui zito la nazi. Na mtori, ambao kwenye orodha ya vyakula umeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni wa Kichaga, una ndizi zilizopondwa zikalainika na nyama inayoachana na mfupa yenyewe. Bei ni za kawaida kwa eneo hilo, na chakula kinafika mezani kikiwa cha moto.

Kinachoniudhi ni jinsi wahudumu wanavyowataja watu. Mchana mmoja, dada aliyeketi meza ya jirani aliusifia mtori huo kwa mhudumu, akasema unafanana kabisa na wa kwao Marangu, Uchagani. Alipokwenda kulipa, mhudumu yule yule akamwambia keshia kwa sauti iliyotufikia sote tuliokuwa kwenye foleni, "Huyo Mchaga, hesabu hizo noti mara mbili." Watu wawili watatu wakacheka. Dada alipokea chenji yake akaondoka bila kusema neno. Kabila lile lile linalotumika kuuza supu liligeuzwa tuhuma ya wizi mbele ya kaunta, na aliyelitoa ni dada mwenyewe, tena kwa nia ya kuwapongeza.

Siku hiyo hiyo kijana anayelinda magari nje aliingia kununua chakula kwa fedha yake. Agizo lililokwenda jikoni lilikuwa hili: "Huyo Masai mfungieni chapati zake, akale huko nje." Viti vilikuwepo, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kukaa. Jijini kwetu tumezoea kuliita kila lindo kazi ya Masai, mpaka jina la watu wenye ardhi, mifugo na wasomi wao limekuwa kama cheo cha getini; na anayeitwa hivyo kila siku, mahali ambapo wenzake wote wanaitwa kwa majina yao, anaambiwa waziwazi nafasi yake ni ipi. Nilisikia pia mama mmoja wa asili ya Kihindi, aliyekuwa akizungumza Kiswahili kama changu, akiitwa "ponjoro" mara tu alipogeuza mgongo. Hilo halina hata haja ya kuchambuliwa.

Nilimfuata msimamizi wa zamu. Akanijibu kwa upole, "Dada yangu, usilichukulie hivyo, sisi hapa tunataniana tu." Jibu hili nalisikia mno Dar es Salaam, na linaukosea heshima utani wenyewe. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao chimbuko lake linahusishwa na misafara ya biashara iliyokuwa ikishuka pwani katika karne ya 19, una haki na wajibu kwa pande zote mbili: mtani anaweza kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, lakini ni yeye pia anayetarajiwa kusaidia kazi za msiba wako, na ukimkejeli leo ana ruhusa ya kukukejeli kesho mbele ya wakwe zako. Katika mgahawa huo huo nimemsikia mpishi, mzee wa Kizaramo, akimwambia Mnyamwezi anayewaletea nyama kwamba amebeba mifupa mitupu, naye akajibiwa kwamba Mzaramo hajui nyama maana amezoea kula ngoma. Wote wawili walicheka, na kazi ikaendelea. Kijana wa getini hakuwa na jibu la kumrudishia mtu ambaye anaweza kumponza kibarua, na dada wa Marangu hakuwa na utani wowote na keshia.

Sidai kwamba makabila yafichwe. Ukiniuliza mtori ni chakula cha nani nitakuambia ni cha Wachaga, na mtu akitaka kusema kwao ni wapi aseme kwa raha zake. Nchi yenyewe iliamua kutoyahesabu: swali la kabila liliulizwa kwa mara ya mwisho katika sensa ya 1967, na sensa ya 2022 ilipata zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu bila kumwuliza mtu kabila lake. Ibara ya 13 ya Katiba nayo inataja kabila, rangi na mahali mtu alipotokea katika maelezo yake ya ubaguzi. Kwangu mimi, tusi linaanza pale kabila linapotajwa ili kueleza kwa nini mtu ashukiwe, asubirishwe au akale nje.

Chakula nakipa nyota nne kati ya tano, huduma nyota moja. Meza zao tayari zina namba. Mhudumu anaweza kusema "mteja wa meza ya sita" bila gharama yoyote, na mlinzi wao ana jina. Siku nitakapomkuta kijana yule ameketi ndani na sahani yake, nitaibadilisha alama ya huduma.