Ufito wangu wa kuvulia haurudishwi dukani, eti umeloa

Umeloa. Neno ndilo hilo. Nimesimama kaunta, risiti mkononi, ufito umo kwenye mfuko wake wa kitambaa na haujamaliza hata wiki mbili, na kijana wa duka anauinamia kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala. Kisha ananiambia, "Mzee, huu umeshaingia majini. Umeloa. Haurudi."

Nikamuuliza, kijana wangu, ulitaka nikavulie wapi, sebuleni? Hakucheka. Akarudi kwenye simu yake.

Duka silitaji. Liko Nairobi, lina kiyoyozi, na kuna samaki mkubwa wa plastiki ukutani ambaye sasa namchukia kama ndiye aliyeniuzia. Bado nina hasira, kwa hiyo mkiona nimezidisha chumvi mahali, vumilieni.

Mimi ni mvuvi wa Thego, kule upande wa Kiganjo. Natumia nzi wa manyoya, yaani chambo bandia, si minyoo. Ni mto mdogo, maji baridi ya kutoka Mlima Kenya, vichaka vimeinama kushoto na kulia, na samaki wake, trauti, wanakaa nyuma ya mawe, hatua nne au tano kutoka uliposimama. Ukipeleka mkono nyuma kwa fujo unavua mti. Ufito wangu wa zamani nilikuwa nao miaka mingi mpaka mlango wa Probox ukaufungia ncha, nikausikia unalia kama muwa. Hiyo ilikuwa mwaka jana, mvua ndefu zikiisha. Ndipo nikateremka Nairobi.

Kijana akanitolea fito mbili, zote namba 5, namba inayoonyesha uzito wa mshipi unaoufaa ufito. Wa kwanza ulikuwa laini, ukiutikisa unanepa wote, toka nchani mpaka karibu na kiganja, kama bua la mtama lenye suke zito. Moyo wangu ulibaki pale pale. Wa pili ulikuwa mgumu, unanepa ncha tu, shina limesimama. Hii ndiyo wanayoiita fasti. Nikasema, naomba nipitishe mshipi nijaribu nje, pale kwenye nyasi karibu na magari, dakika tano tu. Maana ufito kuutikisa dukani bila mshipi hakukuambii kitu, ni sawa na kununua viatu kwa kuvipima mkononi.

"Hapa si uwanja wa michezo, mzee."

Nikanyamaza. Akanipima toka viatu hadi kofia, akaongeza kwamba ule laini ni wa wanaojifunza, na huu mgumu ndio wa wanaojua kutupa. Hapo ndipo aliponipata. Nimevua tangu nikiwa na nywele, halafu mtoto wa juzi aniambie wanaojua na wasiojua? Nikalipa ule mgumu. Bei siiandiki, mke wangu anasoma.

Haya, Thego. Mtupo wa kwanza, nzi alianguka kama kokoto. Wa pili, vile vile. Ule mshipi ulikuwa unajikunja mbele yangu rundo, na trauti niliyekuwa namwona kwa macho akaondoka zake bila haraka. Guka, mzee anayenisindikiza mtoni, aliuchukua ufito, akautikisa mara moja, akanirudishia. "Huu ni mlingoti wa bendera," akasema, akaenda kukaa kwenye jiwe lake.

Ngoja nieleze, maana hakuna aliyenieleza mimi kabla sijatoa pesa. Katika uvuvi huu nzi hana uzito, chenye uzito ni mshipi. Mshipi namba 5, zile mita 9 za mwanzo, zina uzito wa gramu 9 hivi, na huo ndio mzigo ambao kwa kawaida ufito wa namba hiyo hutengenezewa kuubeba. Mzigo ukiuvuta nyuma, ufito unanepa, ukinyooka, unarusha. Sasa Thego mshipi unaotoka ni mita nne, labda tano. Nusu ya mzigo. Ufito laini unausikia mzigo mdogo huo na kunepa nao. Mgumu hausikii chochote, unabaki umesimama kama askari wa lango, na wewe unatupa kwa nguvu ya bega peke yake. Jioni bega lilikuwa linawaka moto.

Na si kutupa tu. Samaki mmoja alishika, mdogo tu, labda kiganja na nusu. Akapiga kichwa mara moja na ule uzi mwembamba wa mwisho ukakatika tap! Ufito wa zamani ungemfuata, ungempa kidogo. Huu hautoi hata shilingi. Kizazi cha trauti wa kwanza waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza, Grogan, akawatia mto Gura, nao wakazoea milima yetu mpaka wakawa wenyeji. Mimi mzaliwa wa hapa nimekuja na kijiti kisichojua mto ukoje.

Kwa hiyo, msinunue. Hivyo ndivyo nilivyotaka kumalizia, na ningekuwa nimemaliza lile juma niliporudishwa na ufito wangu "ulioloa".

Lakini lazima niseme ukweli hata ukiniuma. Baadaye kidogo tulipanda Ziwa Ellis, njia ya Chogoria. Kule juu hakuna kichaka cha kukushika mkono, ila kuna upepo, na upepo wa kule haukuombi ruhusa. Nikatoa mshipi mita 9, nikaongeza, nikaongeza tena. Ule mlingoti ukaamka! Ulikata upepo kwa mshipi mwembamba unaopita juu kama kamba iliyonyooshwa, nzi akaenda kutua mahali ambapo kwa ufito wangu wa zamani ningefika kwa mtumbwi tu. Ule wa zamani katika upepo ule mshipi ungenirudia usoni. Nilitoa trauti wawili wa aina ile iitwayo upinde wa mvua na nikaanza kuona haya kwa matusi niliyoutukana. Guka hakusema kitu, naye akauomba ajaribu.

Rafiki yangu wa Watamu, anayetafuta kolekole baharini na ufito namba 9, aliniambia kwa simu kwamba kusi likivuma ufito laini huko ni mapambo. Nzi wao wenyewe ni wakubwa kama kuku. Namwamini.

Basi ufito ni mzuri? Ni mzuri. Niliuzwa maji yasiyo yake, hilo ndilo linalonichoma. Swali moja tu lilitosha: mzee, unavua wapi? Halikuulizwa. Hata kinyozi anauliza.

Guka ndiye aliyenipa dawa: ondoa mshipi namba 5, weka namba 6. Uzito unaongezeka, ufito unalazimika kunepa hata ukitoa mshipi mfupi. Nimeununua duka jingine, pesa nyingine tena. Unasaidia, ingawa sasa nzi anatua kwa kishindo kidogo, na trauti wa Thego si viziwi. Siku za maji mengi sijali. Siku za maji maangavu nautamani ule bua la mtama mpaka naona aibu. Ningeupa nyota nne kwa ziwa. Kwa mto, moja. Lile duka, nyota zangu nabaki nazo.

Juzi nilipita pale. Ule laini bado umetundikwa, chini ya yule samaki wa plastiki, umepunguzwa bei. Nilisimama nje ya kioo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kijana akaniona, akanipungia mkono kama tumekula naye Krismasi.

Nikavuka barabara.