Mabegi ya pembeni kwenye Pulsar isiyo na keria: kanga ya mama ndiyo iliyolipa

Begi lenyewe sina ugomvi nalo. Au ninao, nitajua nikimaliza kuandika.

Pulsar yangu haina keria na sitaki kuiwekea. Chuma kile kikishafungwa, pikipiki inafanana na ya mbeba mkaa. Kwa hiyo kabla ya Pasaka fulani nikaenda Kariakoo kutafuta mabegi ya pembeni, yale mawili yaliyounganishwa kwa mikanda inayolala juu ya siti. Sh 85,000. "Haya hayataki keria mkuu, unatupia tu," muuzaji akaniambia. Akanifungia mwenyewe pale nje ya duka: mikanda ya mbele kwenye vishikio vya abiria, ya nyuma kwenye indiketa. Indiketa! Plastiki ambayo hata kuku akitua inakatika. Nami nimesimama pale, namshukuru.

Kibaya zaidi, aliyapima pikipiki ikiwa tupu. Ukipanda wewe na mzigo wako, shokapu zinashuka, na ule upenyo wa vidole vinne juu ya ekzosi hauupati tena. Nimelijua hilo nilipopita Msata, kabla ya daraja la Wami. Harufu. Nikalilaumu lori la mbele kwamba breki zake zinaungua. Kumbe ni mimi. Begi la kulia limekaa juu ya ekzosi, sehemu ya chini inavutika kama ubani uliotafunwa. Ndani mlikuwa na kanga ya mama, aliyekuwa anaisubiri Lushoto tangu mwaka uliopita. Ilikunjwa mara tatu, kwa hiyo tundu lilikuwa moja tu; nilipoikunjua yakawa manane. Kwenye jina yamebaki maneno mawili, "Mama ni", kisha tundu.

Mkata nikampata mzee mmoja fundi. "Mwanangu, nani kakufungia mzigo kwenye taa?" Akafungua siti, akapitisha vipande vya tyubu na kuvikaza kwenye chesisi, mabegi akayavuta mbele hadi yakagusa mapaja yangu. Spana na chupa za maji akazipeleka chini, pande zote mbili uzito sawa. Kati ya begi na ekzosi akaweka bati la kopo la oili, akaliacha mbali na bomba kama upana wa kidole. Ncha za mikanda akazikunja zote: "Cheni ikiidaka moja, utajua hujui." Elfu tano. Kutoka hapo mpaka Mombo, na kona zote za kupanda Lushoto, mabegi hayakucheza. Mvua ilinipiga njiani, begi la kushoto halikuingiza hata tone. Kwa hiyo, haki ya Mungu, ni begi zuri.

Nilitaka kuishia hapo. Ila niliporudi dukani, sikudai hela, nilimwonyesha tu lile lililoungua. Akalitazama, akaendelea kuhesabu noti zake. "Bosi, mimi nauza mabegi, siuzi safari." Wateja wakacheka. Hakusema pole. Pole ni bei gani Kariakoo?

Basi msinunue. Au nunueni, ila kwingine, na mfunge wenyewe mkiwa mmeikalia pikipiki.

Juzi nilipita mtaa ule. Yametundikwa bado, na nje kulikuwa na pikipiki ya mteja mwingine, mkanda wa nyuma unazungushwa kwenye indiketa.