Breki Imepakwa Mafuta: Uzoefu Wangu na Mashine ya Kukodi ya Kuinulia Bodi za Jipsamu

Kwa anayetaka jibu la haraka asipoteze bando lake: mashine ya kuinulia bodi ni nzuri. Niliyopewa mimi ilikuwa hatari. Hayo ni mambo mawili tofauti, ila najijua, nikiendelea kuandika nitayachanganya, maana hasira haijanitoka.

Kazi yangu ni dari. Miaka yote nimepandisha bodi kama mafundi wengine wanavyopandisha: watu wawili juu ya ngazi, bodi kichwani, shingo imepinda, na mmoja anahangaika kupiga skrubu kwa mkono mmoja huku vumbi linaingia machoni. Tukipata nafuu ni kwa ile T ya mbao unayoikaza chini ya bodi ikushikie kidogo wakati unatafuta drili. Bodi ya milimita 12.5, ya mita 1.2 kwa 2.4, ina kilo ishirini na kitu. Ukiibeba begani unaona si mzigo. Iweke juu ya kichwa, mikono imenyooka, halafu usubiri mwenzako aangalie skrubu imedondokea wapi, ndipo utaijua. Ile ya kuzuia moto ya milimita 15 sitaki hata kuizungumzia.

Basi majuzi nikapata kazi yenye dari la juu na bodi nyingi, nikasema safari hii naionea huruma shingo yangu. Nikaenda kukodi mashine.

Vipimo sitaviandika, vipo kwenye kibandiko chake, asome anayetaka. Kwa ambaye hajawahi kuiona: ina miguu mitatu yenye magurudumu, mlingoti wa vipande vinavyochomozana kwenda juu, winchi, yaani ngoma ya kukunjia waya, yenye usukani ubavuni, waya wa chuma unaopita kwenye makapi (vile vigurudumu vyenye mfereji), na juu kabisa kuna kitanda chenye mikono ambacho ndicho kinachobeba bodi. Kitanda kinageuka, kinaweza kulala au kukaribia kusimama. Ni hivyo tu. Haina umeme, haina mota.

Kuiunga hakuna shida. Unafungua miguu, unafunga kwa pini, unasimamisha mlingoti, unapachika kitanda, unavuta mikono ya pembeni mpaka ienee upana wa bodi. Pini moja ya mguu haikuwepo, walikuwa wamechomeka msumari uliopindwa. Nikautoa, nikaweka bolti yangu na nati. Hapo ningeshtuka na kuirudisha, lakini nani anarudisha mashine kwa sababu ya pini?

Kabla ya kupandisha chochote niliipeleka juu tupu mpaka mwisho, nikairudisha chini. Hili fanya hata kama aliyekukodisha amekuapia kwamba jana tu ilikuwa kazini. Unaangalia vipande vya mlingoti vinapanda bila kukwama, na waya umekaa ndani ya mfereji wa kila kapi. Waya wenyewe unaufuta kwa kitambaa. Usiupitishie kiganja kitupu, uzi mmoja tu uliokatika unakuchana vizuri sana. Na mashine ikiwa chini kabisa, angalia ngoma ya winchi: lazima ibaki mizunguko kadhaa ya waya juu yake. Ukiona waya umeisha na unaning'inia kwenye kibano chake peke yake, usiipandishie mzigo, kile kibano hakikuwekwa pale kibebe bodi. Yangu ilipita yote hayo. Waya mzuri, makapi mazima. Vidole niliviweka mbali na maungio ya mlingoti, maana vile vipande vikishuka vinaingiana, na kidole kilichokuwa hapo hakiulizwi.

Bodi ya kwanza nilitaka kulia kwa furaha. Unageuza kitanda kikaribie kusimama, unaiketisha bodi kwenye ndoano zake, uso utakaoonekana ukielekea kwenye mashine ili kitanda kikilala uwe chini. Wengine huweka kinyume, wakagundua bodi ikiwa imeshagusa dari. Uzito uwe katikati, usilemee upande mmoja. Unalaza kitanda, unakifunga. Unasukuma mashine mpaka chini ya mahali pake bodi ikiwa bado chini, kwa sababu kutembea na mzigo ulioinuliwa ni kutafuta balaa, miguu mitatu si minne. Unafunga magurudumu. Halafu unazungusha usukani. Jamani! Bodi inapanda taratibu yenyewe, mimi nimesimama pembeni mkono mmoja kiunoni, mpaka inakaza kwenye chaneli, zile fito za chuma za dari. Kijana wangu akapanda ngazi akapiga skrubu zote bila kuhema. "Fundi," akaniambia, "siku zote tulikuwa tunateseka kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Ya pili hivyo hivyo. Ningeandika uzoefu huu mchana ule, mngesoma mashairi.

Ilikuwa ya tatu au ya nne. Bodi iko juu, imebaki nafasi ya kiganja hivi kabla ya kugusa chaneli. Kijana anasogeza ngazi. Nikaachia usukani nimpishe, kwa sababu mashine hizi ndivyo zinavyofanya kazi: ukiachia, breki inashika. Ndiyo maana ya breki. Nikaona ile nafasi ya kiganja imekuwa ya viganja viwili. Nikadhani macho. Halafu usukani ukaanza kuzunguka wenyewe, polepole, kisha haraka, kisha huoni tena spoki zake.

Kijana akarusha mkono aushike. Nilipiga kelele ambayo nadhani jirani alizima redio. USISHIKE! Na wewe unayesoma, kama hukumbuki kingine chochote hapa, likumbuke hili: usukani wa winchi uliokwisha kushika kasi haushikwi. Unavunja mkono, kiwiko, chochote unachoupa. Acha mzigo ushuke. Bodi inanunuliwa.

Ikashuka. Mlingoti ukajikunja wote, kitanda kikagonga chini, bodi ikaruka kutoka kwenye ndoano, kona moja ikasagika sakafuni. Hakuna aliyeumia, kwa sababu moja tu: hakuna aliyekuwa chini yake. Nina kawaida ya kutoruhusu mtu kupita chini ya bodi mpaka skrubu zimeingia za kutosha, na siku nyingine vijana hunicheka kwa hilo.

Nikafungua kifuniko cha winchi. Nikaweka kidole kwenye breki. Kidole kikatoka cheusi, kinang'aa.

Mafuta.

Si mafuta yaliyovuja. Winchi hii haina mahali pa mafuta kuvujia breki. Yalipakwa, tena kwa ukarimu, kila mahali, mpaka kwenye pedi yenyewe. Breki hii kazi yake ni msuguano mtupu: springi inaikandamiza pedi, pedi inang'ang'ania, ngoma haizunguki. Kuitia mafuta ni kama kupaka sabuni soli za viatu halafu upande ngazi. Bodi za kwanza zilishika kwa bahati, au pedi ilikuwa bado na sehemu kavu, sijui na sitaki kujua. Na pedi ikishakunywa mafuta haisafishiki ukaiamini tena, inabadilishwa.

Nikaipakia, nikairudisha.

Kijana wa pale dukani alikuwa ameinamia simu. Nikamweleza. Hakuinua kichwa. "Ilikuwa inalia mzee, tukaipaka mafuta. Sasa hailii."

Nikasema, breki kulia si ugonjwa.

"Wateja wote wanaitumia, hakuna aliyelalamika. Labda hujui kuitumia." Ndipo akainua kichwa, akanitazama kuanzia viatu. "Kwani fundi umeanza kazi lini?"

Nimefunga dari wakati huyu bado anabebwa mgongoni. Lakini nikanyamaza, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo sitaufunga. Akasimama kunionyesha. Akapandisha kitanda kitupu mpaka kimo cha kichwa, akaachia usukani, akakunja mikono. "Si hiyo inashika?"

Kitanda kitupu! Kitanda kitupu hata ukikifunga kwa uzi kitashika. Nikamwambia weka bodi. Akasema bodi za hapa ni za kuuza, si za kuchezea. Nikamwambia basi angalia breki. Akasema breki haifunguliwi na wateja na nitailipia.

Tulifika pabaya kiasi kwamba mwenye duka alitoka nyuma, mama mtu mzima, na miwani yake. Akauliza kuna nini. Yule kijana akaanza: "Mama, huyu mzee ameharibu..." Mama hakumsikiliza. Akaniuliza mimi, nikamwambia breki imepakwa mafuta. Akakishika kitanda kwa mikono miwili akakivuta chini. Kikaja chote, taratibu, mpaka magotini kwake. Akamtazama kijana wake muda mrefu. "Hii itoke hapa," akasema. Kwangu akasema, "Pole baba, chukua ile nyingine." Basi.

Ile nyingine ni kuukuu, rangi imetoka, usukani umepinda kidogo. Lakini breki yake kavu. Inalia. Kila nikiishusha inapiga kelele nyumba nzima, na kila ikilia nafurahi. Hii nayo sikuiamini hivi hivi: bodi ya kwanza niliiinua mpaka kimo cha goti, nikaachia usukani, nikasubiri, nikaisukuma chini kwa mkono. Haikusogea. Ndivyo nitakavyofanya na kila mashine kuanzia sasa, na mzigo juu yake, si tupu kama yule bwana. Kushusha nako, unashika usukani kwanza, kwa nguvu, ndipo unaachia breki, na huutoi mkono mpaka kitanda kimefika chini. Tulimaliza dari lote. Shingo haikuuma hata siku moja, na sijawahi kusema hivyo baada ya kazi ya jipsamu.

Kwa hiyo naipendekeza? Naam. Kwa moyo wote. Kama una bodi zaidi ya chache, usijiue, kodi mashine.

Ila nikifikiri tena. Huyu aliyeibuni mashine ambayo usalama wake wote umekaa kwenye kipande kimoja cha pedi, pahali ambapo mtu yeyote mwenye kopo la mafuta na nia njema anapafikia, alikuwa anawaza nini? Kwenye hiyo ya kwanza hapakuwa na kizuizi cha pili, meno ya kushikia, chochote. Wala onyo pale kwenye breki: USIPAKE MAFUTA. Kibandiko kilichokuwepo kinasema uzito, kinasema usipandishe watu, basi. Sijui tena. Siku nyingine naona T ya mbao ni bora: haina breki ya mtu kuipaka kitu. Halafu nakumbuka zile bodi za milimita 15 na naona nazungumza upuuzi.

Mashine naipa nyota nne. Duka nilitaka kulipatia nyota moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya yule mama. Halafu siku ya kurudisha mama hakuwepo, alikuwepo yule yule. Akahesabu vifaa vya mashine ya kwanza, iliyokuwa bado imeegemezwa ukutani, akasema pini moja ya mguu haipo, akakata kwenye amana yangu. Nikamwambia haikuwepo tangu mwanzo, palikuwa na msumari, na bolti iliyopo hapo ni yangu. Akasema bolti ikishafungwa kwenye mashine ni ya duka.

Nyota moja. Na bolti yangu wanayo.