Neti ya kivuli ya asilimia 80 kwa banda la mbwa na paka, Mbeya

Hii ni ile neti ya vitalu vya miche, inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Kwa kufunika uwanja wa mbwa inafaa sana, kuliko turubai, kwa sababu inapitisha hewa. Ya asilimia 50 usinunue: nusu ya mwanga inapita.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka takribani asilimia 10. Baridi ya Juni na Julai inadanganya: mnyama hasikii joto, analala juani hadi ncha za masikio zinaungua. Paka mweupe ndiye wa kuhurumiwa kwanza. Masikio na pua yake huanza na wekundu na magamba, kisha kidonda kisichopona, ambacho kinaweza kuwa saratani. Hapo ni daktari wa mifugo, tafadhali, si dawa ya kupaka ya nyumbani.

Upande wa magharibi neti izidi kwa nusu mita, maana jua la alasiri huingia kwa mshazari. Kunja ukingo mara mbili kabla ya kupitisha waya, la sivyo upepo unaichana pale pale kwenye tundu. Isining'inie, watoto wa mbwa huitafuna. Mvua haizuii.

Losheni ya binadamu ya kukinga jua si mbadala: yenye oksidi ya zinki ni sumu mnyama akiilamba, na yenye salisilati (kemikali za jamii ya aspirini) ni hatari kwa paka.