Uzoefu wangu na skrini kubwa ya LED kwenye banda la asali, Nane Nane Tabora

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wafugaji nyuki wilayani Sikonge. Kila mwaka tunapanga asali yetu Nane Nane, viwanja vya Ipuli hapa Tabora mjini, na kwa misimu miwili mfululizo banda letu limekuwa na skrini. Mwaka juzi tulikodi runinga mbili za inchi 55. Mwaka jana tulikodi skrini ya LED ya kuunganisha paneli, upana mita tatu, kimo mita mbili. Fedha za mara zote mbili zilipita mikononi mwangu, na naandika kwa ajili ya kikundi kingine chochote ambacho kwa sasa kinapiga hesabu kama hizi.

Nianze na runinga, maana hapo ndipo tulipoumia. Tulizifunga kwenye nguzo za mbele, zikitazama njia. Tarehe 1 Agosti saa mbili asubuhi picha ilikuwa safi kabisa. Ilipofika saa nne, jua limeshapanda, kwenye kioo kulionekana turubai la jirani, mashati ya wapita njia na sura ya yule anayetazama. Video yetu iliendelea kucheza humo humo ndani, hakuna aliyeiona. Runinga ya nyumbani hutoa mwangaza wa niti 300 hivi, wakati skrini iliyotengenezwa kwa ajili ya nje hufika niti 5,000 na kuzidi. Na Agosti ya Tabora mnaijua: wingu hakuna, vumbi jekundu na jua tu. Aliyetukodisha alikuwa ametuhakikishia kwamba zinafaa kwa nje. Tulipompigia simu akasema tuzisogeze ndani. Tukazisogeza, zikaishia nyuma ya migongo ya wauzaji. Kodi ya siku nane ikaenda hivyo.

Mwaka jana nilizungumza na watu wengine, wa Mwanza. Kijana aliyepokea simu hakuanza na bei. Aliniuliza, "Mama, mteja wenu wa karibu kabisa atasimama hatua ngapi kutoka kwenye skrini?" Nikamwambia nne, labda tano. Akanieleza kwamba skrini hizi hupewa namba, P10, P5, P3.91, na namba hiyo ni milimita zilizopo kati ya nukta moja ya taa na inayofuata. Kwa makisio ya mafundi, kila milimita moja inataka mita moja ya umbali ndipo macho yaone picha badala ya nukta. P10 ni nafuu, lakini inamfaa mtu aliye barabarani. Kwa hatua nne alitupa P3.91. Kwangu swali lile moja lilikuwa na faida kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kusoma kuhusu skrini.

Maana ya umbali ule niliiona kwa macho siku ya pili. Mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, mrina wa siku nyingi, aliingia bandani akaenda moja kwa moja hadi skrini ilipo, uso ukiwa shibiri moja tu kutoka kwenye taa. Wakati huo tulikuwa tunaonyesha nyuki wakiingia mzingani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mbona naona punje nyekundu, kijani na bluu? Nyuki wako wapi?" Nikamshika mkono, tukarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu. Ya nne akasimama mwenyewe. "Hao," akasema, na akaanza kunihesabia ni wangapi wamebeba chavua miguuni. Tangu siku ile tulisogeza meza ya kuuzia mbele, skrini tukaiacha ukutani nyuma, ili anayesimama kuonja awe tayari yuko umbali unaotakiwa.

Jua nalo nililifanyia kazi mapema. Siku mbili kabla ya kufungwa paneli nilikwenda uwanjani na fimbo, nikaisimika, nikaangalia kivuli asubuhi, mchana na alasiri. Agosti jua linapita kaskazini mwetu, kwa hiyo kitu kinachotazama kusini hakipigwi na jua usoni siku nzima. Kiwanja chetu kilikuwa cha kona, tukaomba tugeuze mlango, wasimamizi wakakubali. Fundi alifurahi sana, kwani aliweza kupunguza mwangaza karibu nusu na picha ikabaki imekolea. Upande wa nyuma uliopigwa na jua tuliuachia nafasi ya nusu mita kati yake na turubai ili hewa ipite.

Sasa umeme. Hapa naomba msome polepole.

Paneli zetu zilikuwa 24, kila moja nusu mita kwa nusu mita. Karatasi ya fundi ilionyesha kwamba skrini ikiwaka nyeupe tupu kwa nguvu zote, kila mita ya mraba inaweza kula hadi wati 800. Sisi tulikuwa na mita za mraba sita, yaani karibu kilowati tano. Picha ya kawaida, msitu au nyuki au watu, haifiki hata nusu ya hapo. Siku ya tatu umeme ukakatika uwanja mzima. Tukaazima jenereta ya kilowati tatu. Ikawasha skrini vizuri, video ya msituni ikacheza kama dakika ishirini, watu wakajaa kwa sababu mabanda mengine yalikuwa giza. Kisha ikaingia picha ya nembo ya kikundi, nembo ndogo katikati ya weupe mtupu. Jenereta ikaguna, ikazima. Tukawasha tena, nembo ikafika, ikazima tena. Ni fundi aliyeng'amua: ili nukta moja iwe nyeupe, taa zake zote tatu lazima ziwake kwa pamoja kwa nguvu, na pale zilikuwa zinawaka nukta zote za skrini kwa mara moja. Akageuza mandhari ya nembo kuwa meusi, na jenereta ile ile ndogo ikatufikisha jioni. Kama una banda mahali ambapo umeme si wa uhakika, mwambie mtengeneza picha wako mapema asitumie mandhari meupe.

Maandishi nayo yalitusumbua. Tulikuwa tumetengenezewa orodha nzuri ya bei kwenye kompyuta, mistari kumi na mbili. Tulipoiweka haikusomeka. Skrini ni kubwa kwa mita, lakini nukta zake ni chache: kila paneli ina 128 kwa 128, kwa hiyo yetu yote ilikuwa na 768 kwa 512. Simu ya mfukoni ina nyingi kuliko hizo. Herufi ndogo zinakosa nukta za kuzichora, zinageuka madoa. Tena video zetu tulizorekodi kwa simu zilikuwa pana kuliko umbo la skrini, ikakatwa pembeni, na namba yetu ya simu iliyokuwa kona ya kulia ikapotea. Nikafuta orodha yote. Nikaacha maneno manne, ASALI YA MIOMBO SIKONGE, herufi zenye kimo cha shibiri, na bei tukaandika kwa mkono kwenye ubao mezani.

Hadi siku ya tatu, niseme ukweli, skrini ilikuwa inaleta watu lakini haiuzi. Walisimama, wakatazama warina wakipanda kwenye miti ya mitundu na bomba la moshi, wakapiga picha, wakaenda zao. Wanaoingia waliingia na shaka ile ile ya kila mwaka: asali hii haijachanganywa na sukari? Wengine huja na kiberiti, wanachovya njiti kwenye asali na kuiwasha, na isipowaka wanatikisa kichwa. Njiti ile haiwezi kutofautisha asali na shira nzito, lakini utamweleza nani, na wewe ndiye unayeuza?

Siku ya nne kijana wetu mmoja alifunga simu kwenye kistendi juu ya meza, kamera ikitazama chini, akaiunganisha na skrini kwa waya. (Alijaribu kwanza bila waya, picha ikawa inakwama, kwa kuwa uwanjani kuna simu nyingi mno.) Nikachukua sega zima, nikapitisha kisu juu yake taratibu. Kwenye meza ni kitu cha kiganja. Kwenye skrini kisu kilikuwa na urefu wa mtu, vifuniko vya nta vikijikunja mbele yake kama maganda, na vichumba vikifunguka kimoja kimoja, asali ikichungulia ndani kabla ya kuanza kutiririka. Watu waliokuwa njiani wakaacha kutembea. Walitazama skrini, kisha wakatazama mkono wangu, kisha skrini, kuhakikisha kwamba ni kitu kile kile na ni sasa hivi.

Kisha tukafanya jambo ambalo nitalirudia kila mwaka. Tuna kipimo cha maji ya asali, kile cha kuchungulia kwa jicho. Unaweka tone, unafunika, unachungulia, unaona mpaka wa bluu na nyeupe umeangukia namba gani. Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20. Miaka yote mteja mmoja anachungulia na wenzake wanasubiri kumwamini. Safari hii tuliweka kamera ya simu kwenye jicho la kipimo, na mpaka ule ukatokea kwenye skrini, upana wa mita tatu, umetulia kwenye 18. Hata aliyesimama banda la jirani aliisoma. Mama mmoja akatoa chupa ya asali kwenye mkoba wake, aliyoinunua kwingine, akasema, "Nipimieni na hii." Tukaipima mbele ya wote. Yake ilikuwa 23. Hatukusema neno baya juu ya aliyemuuzia. Tulimweleza tu kwamba asali yenye maji mengi huchacha upesi, na huenda ilirinwa kabla nyuki hawajaifunika. Kipimo hiki hakionyeshi kila aina ya uchakachuaji, na hilo nalo tulilisema wazi. Lakini tangu saa ile viberiti vilikoma, na chupa tulizopangia siku nane ziliisha jioni ya siku ya saba.

Kasoro zipo. Kodi ni kubwa: siku moja ilitugharimu sawa na madumu matatu ya lita 20, na dumu moja la asali ni kilo 28 hivi. Siku ya tano kipande kimoja cha paneli kilizima, mraba mweusi katikati ya picha. Vipande vinashikwa kwa sumaku, fundi akakibadilisha kwa muda mfupi, ila ni kwa sababu alikuja na vya akiba na alilala Tabora siku zote nane. Mkataba usiotaja fundi na vipuri msiusaini. Paneli moja ina kilo saba hadi nane, zidisha mara 24, na upepo wa Agosti unapiga, kwa hiyo miguu ya fremu ilazwe juu ya mbao na kukandamizwa kwa mifuko ya mchanga. Jioni shusheni mwangaza, macho ya watu yanaumia. Na kabla ya kulipa, itazameni skrini kupitia kamera ya simu: nyingine zinaonyesha mistari mieusi inayotembea, na kila picha atakayopiga mgeni wenu itakuwa na mistari hiyo.

Mwaka huu kikao kimepitisha tukodi ya mita mbili kwa moja na nusu, paneli 12 tu, na kinachobaki tununue kamera nzuri na kipimo cha pili. Nimeomba kiwanja kile kile cha kona, mlango kusini. Masega ya kukata mbele ya watu tumeshayatenga, yako ghalani Sikonge, yamefungwa kwa kitambaa safi.